Chumvi ya Ivuna Katika Pakiti za Ndizi

Bwana asifiwe! Mmeitikia kidogo, lakini siwalaumu, mnanijua. Mimi ndiye Mama Tumaini wa hapa Mpemba, jirani na Tunduma, ambaye hata sadaka yangu nilikuwa naisindikiza kwa macho mpaka ifike mezani. Leo nimesimama kusema Mungu amenitoa wapi.

Ndugu zangu, mashaka nilikuwa nayo tangu utoto. Jirani akinisalimu vizuri nilijiuliza anataka nini. Asiponisalimu, nilijua tayari ameshakipata.

Baada ya mavuno ya kahawa mume wangu aliniletea mashine ya kukausha matunda kwa baridi. Si kama kuanika juani. Unakata ndizi, papai na karoti za bustani yako, unazipanga kwenye trei, mashine inazigandisha ziwe kama mawe, kisha pampu inanyonya hewa na ile barafu inatoka kama mvuke. Ukizifunga vizuri kwenye pakiti isiyopitisha hewa zinakaa miezi na miezi. Wifi yangu Esta, dada wa mume wangu, mjane asiye na mtoto, akaja kutoka kijijini kwao Isansa tufanye kazi pamoja. Chumba cha nyuma kikawa kiwanda chetu. Ufunguo niliuvaa mimi shingoni, hata bafuni naingia nao.

Mzigo wa kwanza tuliingiza trei za ndizi zimejaa. Zikatoka zimejaa vilevile, rangi ileile, ukubwa uleule. Nikanyanyua trei moja. Nyepesi kama bisi! Ndizi ya juani ikipungua uzito unaona imesinyaa, hiyo naielewa. Hii haikusinyaa. Sasa uzito umekwenda wapi?

Esta akasema, "Ni maji yametoka, wifi."

Maji gani yanatoka na sakafu isilowe? Wafanyabiashara wa Tunduma mnaijua chuma ulete, ule uchawi wa kuvuta mali ya mwenzako bila kuigusa. Nikajiambia, ndiyo hiyo. Mtu amevuta kiini, ametuachia ganda. Na ndani ya kile chumba tulikuwa wawili tu.

Nikaanza kumchunguza. Kabla ya kugusa ndizi zilizokauka alifuta mikono mara tatu. Anafuta nini? Akifanya kazi aliimba Kinyiha kwa sauti ya chini. Mimi Mnamwanga, nilielewa nusu tu. Ile nusu nyingine anamwambia nani?

Mama mmoja sokoni akaninong'oneza kinga. Chukua chumvi ya Ivuna, ile ya mabonge, funga kidogo kwenye kitambaa, weka ndani ya mzigo wako, hakuna mkono utakaovuta. Wokovu nilikuwa nao, ndugu zangu, lakini ulikuwa wa Jumapili tu! Nikawa natia kifundo cha chumvi chini ya kila pakiti kabla ya kuiziba, bila kumwambia Esta.

Tulikuwa na mteja, mama mwenye duka Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Alionja pakiti zetu za mwanzo akazipenda, akaagiza maboksi. Baada ya wiki mbili akayarudisha yote.

"Awe, bamayo," akaniambia kwa Kibemba, yaani hapana, mama. "Ndizi zako zinanata kwenye meno. Na hiki kitambaa ndani ni cha nini?"

Nikamjibu ni utaalamu.

Hasira zote nikamshushia Esta. Mbele ya mume wangu na majirani nikamwita mchawi. Alikunja khanga zake akarudi Isansa, na kule kuondoka kwake nikakuchukua kuwa ushahidi. Mume wangu tangu siku hiyo akawa ananisemesha kwa kazi tu.

Nikabaki peke yangu na mashine. Nikaongeza chumvi, na pakiti zikazidi kulowa! Mtu wa mashaka akikosa wa kumshuku anateseka sana. Niliishuku mashine. Niliwashuku kuku wa jirani. Nilifunga na kuomba, "Bwana, nionyeshe adui yangu," na kumbe Bwana alikuwa anajibu.

Tukapata msiba Isansa. Naingia jikoni kwa mama mkwe, namwona Esta anafungua pakiti yangu awape watoto wenye njaa. Nikasema moyoni, leo mwizi nimemkamata! Nikampokonya, nikatia kipande mdomoni ili nitoe ushahidi mbele ya watu wote. Kikalia kwaruu! Kikavu, kitamu, kama kimetoka kwenye mashine asubuhi ile.

"Hiyo ulinipa mwenyewe, wifi," Esta akasema. "Ya mzigo wa kwanza, kabla hujaanza kuweka vile vifundo."

Nikamuuliza alivijua tangu lini.

"Tangu siku ya kwanza. Nilidhani ni dawa ya kunifukuza kwa kaka yangu. Nikaogopa hata kuvitaja."

Kumbe kila mmoja alimwona mwenzake mchawi! Mama mkwe akauliza kuna nini ndani ya vifundo. Nikasema chumvi ya Ivuna. Yule mama akashika kichwa. "Mama Tumaini, chumvi ile masika inatoka jasho mpaka gunia linalowa. Umeitia kwenye kitu kikavu?"

Nilianguka magotini palepale kwenye majivu. Nililia. Adui niliyemwomba Mungu anionyeshe alikuwa mimi mwenyewe, nikimvisha khanga kila siku.

Esta amerudi, na pakiti zetu sasa hazina kifundo. Mama wa Nakonde bado hajarudi. Namwelewa, ananishuku. Na mimi nikisikia Esta anaimba bado masikio yananisimama, lakini nilimuuliza maana. Anaimba zaburi.

Ewe ndugu unayelala na mashaka, mwache Mungu akulindie mali yako, yeye hasinzii. Mwamini, na umwamini pia uliye naye jikoni. Nilimwita Esta mchawi mbele ya watu, basi na hili nalifanya mbele ya watu. Huu hapa ufunguo, nauvua shingoni. Esta, wifi yangu, simama pale ulipo, njoo uuchukue. Sitakuuliza unakwenda nao wapi.