Mpiga Chapa wa Mikataba ya Nyumba, na Mstari Mmoja wa Kufutwa

Ndugu, majirani, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza mwenzetu, mmezoea wasifu usomwe kama ulivyochapwa kwenye karatasi mliyopewa langoni. Leo sitafanya hivyo. Mimi ni mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa nyumba yetu, na nimefundisha darasa la tatu kwa miaka thelathini na mmoja, kwa hiyo sauti ninayo. Wasifu huu niliuandika mimi. Jana mchana karatasi zilipotoka kwa mchapaji, nilikuta ukurasa wa tatu una mstari ambao sikuuandika. Unasema marehemu alijenga "nyumba ya familia kwa msaada wa ndugu zake". Nimekasirika, na sitajifanya sikukasirika kwa kuwa tuko msibani. Nitawasomea maisha yake kama yalivyokuwa, na tukifika kwenye nyumba tutasimama kidogo.

Marehemu alizaliwa Alhamisi, tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa tatu kati ya watano. Baba yetu alikuwa fundi viatu na mama alifua mashuka ya hospitali. Tuliishi vyumba viwili vya kupanga nyuma ya ghala la magunia. Alipokuwa na miaka tisa, mwenye nyumba alikuja na mtu tusiyemjua, akasema huyu ndiye mwenye nyumba sasa, na kufikia Ijumaa vitu vyetu vyote vilikuwa uani. Mama alitusimulia kwamba kaka alikalia sanduku la vifaa vya baba ili lisiibwe, na kila baada ya muda akawa anamuuliza baba karatasi yetu ya kupanga iko wapi. Baba hakuwa na karatasi. Aliulizwa mpaka akachoka, na mtoto akapigwa kofi kwa swali zuri.

Alianza shule ya msingi Januari 1965 na kumaliza kidato cha nne Novemba 1975. Alikuwa na akili, ila mwandiko wake ulikuwa kama kuku amekanyaga wino. Mwalimu wake wa Kiswahili alimwambia kwa upole kwamba dunia haitamsoma akiendelea hivyo, afadhali ajifunze kupiga chapa. Mwaka 1977 akajiunga na chuo cha uhazili, mwanamume pekee kati ya wasichana ishirini na wawili. Kaka zetu walimtania hadi wakaishiwa na maneno. Yeye alitoka wa kwanza.

Tarehe 1 Februari 1978 aliajiriwa kuwa mpiga chapa katika ofisi ya ardhi. Kwa miaka kumi na sita hati, barua na hukumu za ugomvi wa viwanja zilipita chini ya vidole vyake, na alisoma kila alichokichapa, jambo ambalo wenzake waliliona ni ugonjwa. Alijua nani aliuza kiwanja kimoja mara mbili, na ni mjane gani alitolewa kwa karatasi aliyoambiwa ni ya msaada wa mazishi. Tarehe 30 Juni 1994 alipunguzwa kazini pamoja na wengine thelathini. Wiki iliyofuata alinunua taipureta kuukuu, akaweka meza kwenye baraza ng'ambo ya ofisi ileile, kati ya mpiga picha za pasipoti na muuza bahasha. Hapo alikaa miaka thelathini.

Hakuwa wakili, na alilisema hilo kwa kila mteja kabla mteja hajakaa. Penye ugomvi aliwapeleka kwa wakili. Lakini mtu wa kawaida anayenunua nyumba yake ya kwanza huanzia kwa mpiga chapa, na kaka hakukubali kuchapa tu. Alimrudisha mnunuzi ofisini akaangalie kama hati ni ya kweli na kama nyumba haiko rehani benki. Alimtuma akautembee mpaka wa kiwanja kwa miguu, jiwe hadi jiwe, akiwa na jirani wa kulia na wa kushoto. Alimwambia aende tena mvua ikinyesha, aone maji yanakotuama. Kisha akamgeukia muuzaji na kumuuliza, "Mwenzako yuko wapi?" Mume au mke wa muuzaji asipokuja mwenyewe na kusema kwa kinywa chake kwamba anajua na ameridhika, mkataba haukuchapwa. Ndiyo maana mjini walimwita Mwenzako, na wengi wenu hapa jina lake jingine hamlijui.

Madalali hawakumpenda. Mmoja alimlalamikia kwamba anawatilia mchanga kwenye kitumbua, kaka akamjibu kwamba kitumbua chenyewe kiliibwa. Mwaka 2003 alikuja mwanamume mmoja na mnunuzi wake, na dalali katikati akiwa na haraka kuliko wote wawili. Kaka akauliza swali lake. Muuzaji akasema mkewe amesafiri, na tena mambo ya nyumba ni ya wanaume. Kaka akachomoa karatasi, akaifunika mashine kwa kitambaa, akaagiza chai. Wakahamia meza ya tatu kutoka pale na kuchapiwa mara moja. Miezi minne baadaye mnunuzi alirudi peke yake. Alikuwa amefungua mlango wa nyumba aliyoinunua akamkuta mama na watoto wanakula, hawana habari, na sasa mahakama imesimamisha kila kitu. Akamlaumu kaka kwamba hakumwonya.

"Nilikuonya nilipofunika mashine," kaka akamwambia.

Lakini hakucheka. Wiki nzima alikuwa mkali nyumbani, akimwonea uchungu yule mama, na yule mnunuzi pia, aliyetoa jasho la miaka akapewa kesi. Alimchapia barua zake zote bure.

Jumamosi tarehe 19 Desemba 1987 alifunga ndoa na wifi yangu, fundi cherehani wa sare za shule. Walikutana alipompelekea suruali apunguze, akaenda kuichukua mara tatu kabla haijawa tayari, na mara ya nne ilipokuwa tayari akasema bado inampwaya. Walibarikiwa watoto wawili. Kwa miaka ishirini na miwili walipanga, wakihama na cherehani mkokoteni kila kodi ilipopanda, na sikuwahi kusikia mmoja akimwambia mwenzake "nyumba yangu" hata kwa chumba cha kupanga.

Sasa tumefika.

Tarehe 8 Agosti 2009 walinunua nyumba ya vyumba vitatu iliyoishia kwenye linta, haina paa. Nasema walinunua, wawili. Nusu ilitoka kwenye taipureta na nusu kwenye cherehani. Mkataba aliuchapa kaka mwenyewe, na wanunuzi waliotajwa ni mume na mke, na wote wawili walitia saini kila ukurasa. Mke wa muuzaji alikuja na mtoto mgongoni, akaulizwa swali lile lile, akajibu. Shahidi nilikuwa mimi. Kaka aliamini kila shahidi aondoke na nakala yake, nami yangu ninayo, iko ndani ya mkoba huu.

Ndugu tulisaidia nini? Hatukutoa hata msumari. Mimi nilitoa chakula cha mafundi siku moja, na maneno mengi. Kaka yetu mkubwa, alipoombwa amkopeshe mlango, alisema anayetaka nyumba asiwe na haraka ya mlango. Walikaa mwaka mzima wamezibia kwa bati. Wifi alishona akiwa amevaa koti kwa upepo. Huo ndio msaada wa ndugu zake unaoandikwa leo kwa wino mzuri.

Nitasema na la pili, na nitalisema nikiwa nimemtazama yeye aliyelala hapa, kwa sababu hasira yangu nyingine ni yake. Hati ilitoka tarehe 21 Februari 2011 ikiwa na jina moja tu, lake. Karani alimwambia fomu ina nafasi ya jina moja, jina la mke aje kuliombea kwa fomu nyingine. Kaka akasema atarudi wiki ijayo. Meza yake ilikuwa hatua arobaini kutoka dirisha lile. Kila siku alivuka barabara kwa ajili ya hati za watu, akawafokea wanaume wazima kwa kuacha majina ya wake zao, na la mkewe hakuliombea. Wanasema kinyozi hajinyoi, lakini kinyozi huyu alishika wembe kila asubuhi kwa karibu miaka kumi na minne. Nilimuuliza mwaka juzi kwa nini, akaniangalia kana kwamba nimemtukana.

"Nani atamnyang'anya?" akasema. "Waliobaki ni ndugu zangu."

Jamani, sikieni kwa nini mstari huo si mdogo. Mwenye hati akishafariki, mahakama huuliza familia inasema nini. Kesho mtu ataweka karatasi hii mezani na kusema ilisomwa makaburini, mjane amekaa mbele, watu mia tatu walisikia na hakuna aliyepinga. Kaka ndiye aliyenifundisha kwamba uongo usiopingwa siku ya kwanza hupata mashahidi siku ya pili. Basi mimi napinga. Naomba kila mwenye kalamu afungue ukurasa wa tatu, mstari wa sita, aufute. Asiye na kalamu aazime kwa jirani. Nitasubiri.

Asanteni. Naona hata walio nyuma wamefuta.

Tarehe 11 Oktoba 2024 marehemu alipatwa na kiharusi akiwa mezani kwake, katikati ya mkataba wa watu. Mkono wa kulia ulikufa ganzi na ulimi ukawa mzito. Alilazwa mara tatu. Wifi alihamishia ushonaji kando ya kitanda, akishikiza vifungo kwa mkono, akimlisha, akimgeuza, akimnyoa. Mwezi Januari kaka yetu mkubwa alikwenda nyumbani, akamwambia shemeji yake ampe faili la nyumba alitunze lisije likapotea kwenye pilikapilika za hospitali. Akampa. Angemnyimaje shemeji yake? Mwezi Aprili akaja wodini na karatasi moja na kidau cha wino. Nilikuwepo, nakunja mashuka. Alimwambia mgonjwa ni ya kurahisisha mambo, aweke dole gumba tu. Kaka hakuweza kusoma bila miwani, na hakuiomba miwani. Alikunja ngumi ya mkono uliobaki mzima, akauficha chini ya blanketi.

"Mwenzangu yuko wapi?" akasema. Ilimchukua muda mrefu kuyatoa maneno hayo matatu.

Mwenzake alikuwa amekwenda kununua dawa. Karatasi ikarudi mfukoni. Kaka mkubwa, ulinibeba mgongoni nikiwa mdogo, na nakuheshimu, na baba alipofariki ni wewe uliyetulipia shule. Sikukuheshimu siku ile, na sikukuheshimu Alhamisi uliponiletea maandishi ya kikao cha familia nisichokalishwa, yanayosema nyumba iuzwe na ndugu wagawane. Sikutia saini na sitatia. Faili hilo lirudi leo kwa mwenyewe, na mashahidi ni hawa wote.

Marehemu alifariki dunia Jumanne, tarehe 3 Juni 2025, saa nne asubuhi, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka sitini na minane. Wifi alikuwa amemshika mkono ule uliokufa ganzi. Nilimuuliza kwa nini si ule mwingine, akasema kwa ule mwingine kaka alikuwa anamfutia yeye machozi.

Tunawashukuru wauguzi, majirani waliokesha nasi, na wateja wake waliokuja leo wakiwa wameshika mikataba yao kumwonyesha kwamba bado wanakaa katika nyumba zao. Mama uliyesimama karibu na lango, nimeambiwa wewe ndiwe uliyekutwa unakula na wanao mwaka ule. Karibu sana.

Ameacha binti, fundi umeme, na mtoto wa kiume, dereva wa lori, wajukuu wanne, kaka wawili na dada wawili, ambao hatuna chumba wala kizingiti katika nyumba yake. Na ameacha mke, ambaye ndiye mwenye nyumba. Jumatatu saa mbili asubuhi mimi na yeye tutakuwa kwa wakili na nakala yangu. Leo tukitoka hapa tutakwenda kwake kunawa mikono na kunywa maji. Tukifika, sisi ndugu wa marehemu tutasimama nje ya mlango pamoja na wageni wengine, tupige hodi, na tungoje mpaka yeye aseme karibu.

Kaka yetu apumzike kwa amani, na mkewe aachwe akae kwa amani.