Mwisho Ambao Kitomanga Waliulipia kwa Korosho

Assalaam alaykum, na ndugu zangu Wakristo, Bwana asifiwe. Leo zamu ya kusimama ni yangu. Mwenyekiti wa kikundi chetu cha kukopeshana ameniambia nisirefushe, na mimi nimemwambia aende akakae. Mnanijua kama yule mama anayepiga video za harusi hapa Lindi mjini, anayewafokea mashangazi wakisimama mbele ya kamera. Leo nitawaambia kamera hiyo nilianzaje, na kwa nini mama yangu, marehemu, mpaka anaingia kaburini alikuwa akiitwa Mwenzetu.

Nilizaliwa Kitomanga. Baba alitutoka mapema, mama akatusomesha kwa vitumbua. Mwisho wa miaka ya tisini nikapata nafasi chuo kimoja Dar es Salaam, nisome mambo ya picha za video. Mwaka wa mwisho tukaambiwa kila mwanafunzi atengeneze filamu fupi, na gharama ni juu yake mwenyewe. Kukodi kamera, kununua kanda, kulipia chumba cha kuhariri. Bila filamu, hakuna cheti. Ndugu zangu, nawaambia, ilikuwa sawa na kuambiwa nirudi nyumbani tu.

Hadithi ninayo, hela sina. Hadithi yenyewe niliitunga mwenyewe, ya kutisha, ya huku kwetu. Akina mama wanatoka asubuhi kuokota korosho, wamejitanda khanga usoni kwa ajili ya vumbi. Wakifika shambani wanajikuta wamezidi mmoja. Kila mtu anamjua wa kulia kwake, anamjua wa kushoto kwake, lakini wakijihesabu, kuna mmoja zaidi. Mnaguna nini? Kaeni vizuri, ni mchana huu.

Nikazunguka maofisini Dar mpaka viatu vikaisha visigino. Enzi zile wafadhili walikuwa wengi, kila mtaa una bango la mradi. Ofisi moja wakanisikiliza vizuri, wakanipa na soda. Halafu wakauliza, "Hii filamu inaelimisha nini?" Nikasema inatisha. Wakatazamana. Wakaniambia nikiongeza kidogo habari za choo bora, watafikiria. Nikajaribu, wallahi! Nikakaa chini nione choo nitakiweka wapi kwenye shamba la mikorosho. Nikashindwa, nikapanda basi kurudi nyumbani.

Nikasema, basi, nitaomba kwa watu wangu. Ghala la ushirika pale kijijini lilikuwa tupu, maana wanunuzi binafsi walikwisharuhusiwa na walikuwa wanapima korosho kwenye vibaraza vya watu. Nikaomba ghala. Nikatangaza kwamba baada ya sala ya Ijumaa nitawaonjesha watu filamu yangu kwa kuisimulia na kuigiza, atakayependa anichangie.

Sasa hapo, wenye nywele nyeupe mmeshaona kosa. Kwetu hadithi hazisimuliwi mchana. Tulipokuwa wadogo tulitishwa kwamba ukisimulia jua likiwaka unaota mkia. Mimi nimetoka chuo, nikajiambia mkia gani, na usiku ghala halina taa.

Wakajaa. Nikajitanda khanga usoni, nikaanza. Nilipofika pale wanapojihesabu, nikanyamaza, nikatembea polepole katikati yao. Nao walikuwa wamejitanda khanga zao. Nikasema, "Wakaamua kufunuana, mmoja mmoja, wamwone ni nani." Jirani yetu mmoja, mwanamke mwenye mwili wake, akageuka kumtazama aliyekaa naye. Yule naye akageuka. Jirani akapiga ukelele! Mlango wa ghala ulikuwa mmoja, watu wakatokea hata madirishani. Viatu nilivyookota jioni ile vingejaza duka.

Senti moja sikupata. Lakini nisiwafiche, ndani ya moyo nilifurahi. Nilisema, kumbe natisha!

Furaha haikufika Jumatatu. Ulikuwa msimu wenyewe, korosho zimedondoka, na mawingu ya vuli yameanza. Akina mama wakakataa kwenda mashambani. Wakitoka wawili wanajihesabu, wakikutana na wengine njiani wanasimama mbali wanaulizana majina. Wanaume wanagomba, korosho zinalala chini. Watu wakasema yule binti ameianza hadithi mchana na hakuimaliza, sasa kile kitu kimebaki nje kinatembea. Nao wakavikimbia vitumbua vya mama. Asubuhi anakaanga, mchana anarudi na beseni vile vile. Tulikula vitumbua sisi, tukala, mpaka mdogo wangu akalia akiona beseni. Nililia na mimi, kwa sababu hilo beseni ndilo lililonisomesha.

Nikaitwa kwenye mkutano wa kijiji. Mwenyekiti wa kijiji akasema, "Binti, hatutaki maneno. Ulichokianza, kimalize hapa hapa, watu wakaokote korosho zao."

Nikasimama. Wallahi nilikuwa tayari, neno la kwanza liko mdomoni. Mama akanifinya paja, mfinyo ule wa kwetu wa kuzungusha. Akasimama yeye.

"Mwenyekiti," akasema, "mimi ni muuza vitumbua. Mtu akila nusu ya kitumbua changu akakimbia, kesho akarudi kuomba nusu ya pili, nitampa bure?"

"Aa, mama nanihii, hii si biashara."

"Kama si biashara, mbona mmeacha kununua kwangu?"

Halafu yule jirani aliyepiga ukelele akainuka. Nikajua sasa tunafukuzwa kijijini. Akasema, "Na mimi sitaki kuambiwa huo mwisho. Akiniambia, nitajuaje kama ndivyo? Nataka nimwone. Hiyo khanga itolewe nione kwa macho yangu ni nani, ndipo nitalala."

Mkutano mzima ukaitikia. Akina mama wakapiga na makofi. Mama akaniangalia, akasema, "Basi waambie kumwona kunataka nini."

Nikawaambia. Kamera, kanda, chumba cha kuhariri. Na mama akamalizia kwamba kila nyumba italeta bakuli la korosho, la shambani kwake, na waokotaji wataingia kwenye picha wao wenyewe.

Ndugu zangu, mimi nilikwenda Dar kuomba hela kwa watu ambao hawakuwa na haja ya kujua mwisho wa hadithi yangu. Wenye haja niliwaacha nyumbani.

Mabakuli ya kwanza yaliletwa na waliokuwa na akiba ya korosho ndani. Zilipouzwa nikaenda kukodi kamera, nikarudi nayo na mwenzangu mmoja wa chuo wa kuishika. Tulipopiga picha shamba la huyu, korosho za huyu zikaokotwa. Kesho shamba la yule. Mbele ya kamera hakuna aliyeogopa, kila mmoja anataka aonekane anainama vizuri! Mvua ikaja ikakuta chini peupe. Kibaraza chetu kilijaa gunia kwa gunia, na mnunuzi alipokuja na mizani yake, kwa macho yale ya akina mama yaliyomzunguka, mizani ilikaa sawa kuliko siku zote.

Shida ikabaki moja. Nani awe yule aliyezidi? Hakuna aliyekubali. Jirani akasema hata akipewa shamba. Mama akafuta mikono yenye unga, akajitanda khanga. "Uso wangu mmeshaukimbia bure," akasema. "Sasa ukimbieni kwa faida."

Picha ile niliishika kamera mwenyewe. Khanga inavutwa taratibu, unatokea uso wa mama yangu, hapepesi, hacheki. Anauliza, "Mnanihesabia nini? Nimekuja kuokota na wenzangu." Khanga inaanguka chini, yeye hayupo. Wanajihesabu tena. Bado wamezidi mmoja.

Chuoni mwalimu wangu aliitazama mara mbili, akauliza mfadhili wangu ni nani. Nikasema, "Ni watu waliotaka kujua mwisho." Nilipita vizuri sana, na hilo nalisema kwa sauti.

Tukaipeleka Kitomanga. Televisheni, deki na jenereta vikawekwa mbele ya lile ghala, baada ya sala ya Isha, maana safari hii nilikuwa nimepata akili. Khanga ilipotoka, walipiga ukelele wote kwa pamoja. Halafu akatokea mmoja akacheka, ikawa vigelegele mpaka jenereta halisikiki. "Mwenzetu! Kumbe ni Mwenzetu!" Asubuhi yake beseni la mama liliisha kabla jua halijawaka. Watoto walitumwa hivyo hivyo, nenda kwa Mwenzetu kalete vitumbua. Na jina likakaa.

Nawashukuru wale akina mama wa Kitomanga, kila bakuli. Namshukuru jirani kwa ukelele wake na kwa neno lake. Na nyinyi mlionikopesha nikanunua kamera yangu mwenyewe, nanyi nawashukuru, ingawa mlinisumbua na wadhamini. Ninalowaachia ni hili: ukiwa na jambo lako ambalo watu hawalijui, usianze kwa kuomba. Waonjeshe, mpaka walitake wao.

Mama alifariki mwaka juzi. Nilipofika msibani, akina mama walikuwa wamekaa mikekani uani kote, wamejitanda khanga, sura hazionekani. Nikasimama mlangoni, nikajikuta nawahesabu. Jirani yetu, mzee sasa, akafunua khanga yake kidogo, akanisogezea nafasi kwenye mkeka.

"Kaa, mwanangu," akasema. "Leo usituhesabu. Naye yumo."

Nikakaa.