Historia ya Mzee Nyamazeni, Mpima Mitetemo ya Reli

Ndugu waombolezaji, majirani, wafanyakazi wa reli, na wewe wifi yangu uliyekaa hapo mbele, familia imenipa jukumu la kuwasomea historia ya kaka yetu, mimi niliyemfuata kuzaliwa, nami naomba mnivumilie nikisita, kwa kuwa karatasi hii nimeiandika kwa mkono wangu na bado naiona kama inamhusu mtu mwingine.

Kaka alizaliwa Jumatano tarehe 9 Machi 1966, katika chumba cha tatu cha nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa kwanza wa baba yetu, mlinzi wa kivuko cha reli, na mama yetu, mpishi wa shule, ambaye alikuwa akisema mtoto huyo alilala fofofo treni zikipita na kuamka akilia siku zilipochelewa.

Alisoma shule ya msingi kati ya mwaka 1973 na 1979, darasa lao likipakana na reli, na mwalimu wao, waliyembandika jina la Mwalimu Subirini, alilazimika kukatiza somo kila treni ilipopita, hivyo kaka akawa anachora mstari wa chaki chini ya dawati kwa kila dakika ambayo mwalimu amenyamaza, mwisho wa mwezi akamwendea na kumweleza kwamba wanapoteza dakika ishirini na mbili kwa siku. Mwalimu alicheka, kisha akaacha kucheka, akampeleka kwa mwalimu mkuu, na dirisha la upande wa reli likazibwa kwa matofali. Hicho ndicho kilikuwa kipimo chake cha kwanza.

Baada ya sekondari, mwaka 1980 hadi 1983, na chuo cha ufundi, mwaka 1984 hadi 1987, aliajiriwa tarehe 1 Februari 1988 kama fundi wa njia ya reli, na mwaka 1996 akahamishiwa kitengo cha kupima kelele na mitetemo, chenye watu watatu na kabati moja. Kazi yake ilikuwa kuingia sebuleni kwa watu, kubandika kifaa sakafuni kwa nta, kuweka kinasa sauti mezani, kuwaomba wenyeji wavue viatu na kuwaambia nyamazeni, na jina hilo likamganda. Kifaa chake kilihisi hata paka akikatiza chumba, nasi ndugu zake tulimtania kwamba iko siku kitamsikia mtu akinuna.

Kwa vipimo vyake reli zilisagwa zikawa laini, zikawekewa mipira chini, na ukuta ukajengwa kando ya wodi ya wazazi, ambako kelele zilishuka kutoka desibeli sabini na nne hadi sitini na moja, mpaka muuguzi mmoja akampigia simu kumwambia kwamba sasa anawasikia watoto wakilia, na kwamba hayo si malalamiko. Lakini alipopanga orodha ya mitaa ya kutengenezewa njia, mtaa wake aliuweka wa kumi na saba, wa mwisho kabisa, ingawa ukuta wa sebule yake ulikuwa na ufa wa kupitisha kidole. Fundi viatu wa pale kona alimwambia usoni, "Mzee, mwamba ngoma huvutia kwake, wewe mbona unaisukuma?" naye akajibu kwamba ndiyo maana ngoma nyingi zimepinda upande mmoja.

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 18 Desemba 1993 na wifi yetu, mshonaji, na siku tuliyokwenda kuposa aliukagua ukuta wa wakwe kwa muda mrefu hivi kwamba baba mkwe aliuliza kama kijana amekuja kuoa au kununua nyumba. Walijaliwa mabinti wawili na kijana mmoja, na wameacha, samahani, ameacha mjukuu mmoja.

Hapa ndipo huelezwa marehemu aliugua kwa muda gani, nami sina cha kusoma, kwa sababu hakuugua. Zamu ya mtaa wake ilifika hatimaye, na Jumanne tarehe 14 Mei 2024 asubuhi alibandika kifaa sakafuni kwake mwenyewe, akiwa na furaha ya mtoto, akamwomba wifi abaki jikoni na asiingie mpaka atakapomwita. Wifi akabaki, treni ya mizigo ikapita, sahani zikagongana kabatini, kukawa kimya, na baada ya dakika arobaini akaona kimya kimezidi, akaingia, akamkuta chini. Daktari alisema ni moyo. Tangu hapo wifi anamuuliza kila aingiaye swali moja tu, je, kama aliniita nami sikusikia?

Sasa nisikilizeni. Siku ileile, mwenzake wa kitengo, akiwa ofisini na bila kujua lolote, aliona katika vipimo vilivyotumwa na kifaa pigo moja zito katikati ya treni, akadhani mzigo umeanguka kutoka kwenye behewa, akawatuma watu kumi wakatembea relini kilomita tatu, wakarudi mikono mitupu, wakakuta habari za msiba zimefika. Jana alituletea karatasi ya vipimo, akashindwa hata kuketi.

Wifi, pigo lile ni la saa nne na dakika arobaini na mbili, treni ikiwa katikati ya kupita, na hakuna sikio la binadamu ambalo lingelisikia. Treni ilipokwisha, mstari wa mtetemo na mstari wa sauti yote miwili imelala. Kifaa kinachomhisi paka hakikuhisi mkono, goti wala pumzi. Hakukuita. Kinachofuata kwenye karatasi ni saa tano na dakika ishirini na mbili, hatua tisa za mtu anayekimbia akiwa na viatu.

Mtaa wetu ungekuwa wa kwanza kwenye orodha, treni ingekuwa imeshatulizwa, na labda wewe wifi ungesikia akianguka, ingawa daktari anasema hata hivyo usingemuwahi, na mimi mpaka sasa sijui nimkasirikie kaka kwa namna gani.

Familia inamshukuru daktari kwa kutueleza ukweli, majirani, fundi viatu aliyefunga kibanda chake tangu Jumanne, wenzake wa kitengo, na wale kumi waliokwenda kutafuta kilichoanguka. Mafundi wanaanza mtaani kwetu Jumatatu. Kwa kawaida kipimo chenye pigo lisilo la treni hutupwa na kurudiwa, lakini wenzake wamesema hiki hawatakitupa.

Kaka, wifi amesikia. Pumzika sasa, pumzika kwa amani.