Lori Haliondoki Mpaka wa Mwisho Afike

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika karakana ya timu yetu ya mbio za baiskeli hapa Kruishoutem, Ubelgiji, fundi mkuu wa baiskeli, Godelieve Vermaut, ambaye sote tunamwita Lieve, anastaafu tarehe 31 Oktoba. Ofisi imeniomba niandike maneno matamu, mafupi, yasiyomkera mtu. Mafupi nitajitahidi.

Alianza kwa kuosha baiskeli. Wanaume wa karakana walimwambia mwanamke akigusa gurudumu litapata pancha. Akayagusa yote. Mikono yake imenuka gundi ya matairi tangu siku hizo, hata siku ya harusi yake, na mumewe Firmin anaapa kwamba harufu hiyo ndiyo iliyomnasa. Ukidokoa viazi vya kukaanga kwenye sahani yake, shauri yako.

Ila Lieve ana sheria moja ambayo hakuna meneja aliyewahi kuivunja: lori la karakana haliondoki kwenye mashindano mpaka mwendeshaji wetu wa mwisho afike, hata kama matokeo yameshatangazwa. Husema mtu akijua hakuna anayemsubiri, atapanda gari la kuzoa waliokata tamaa, na akishalizoea, amekwisha.

Mwaka huu, kwenye mbio za barabara za mawe, mvua ilinyesha kama imetumwa. Mwendeshaji wetu Joppe Deswarte alianguka mara mbili, na mkataba wake ulikuwa ukingoni. Wenzake walikuwa wameshaoga. Meneja Saelens akaamuru tuondoke. Lieve akaliweka lori kimshazari langoni, akazima injini, na basi letu likakwama nyuma yake.

"Lieve, ondoa hilo dude!"

"Joppe yuko njiani."

"Joppe kwisha habari yake! Ataletwa na gari."

"Basi msubiri umwambie mwenyewe. Mimi mdomo huo sina."

"Nitakufukuza kazi!"

"Nifukuze. Lori utaliendesha wewe?"

Tulishuka wote kwenye basi, tukasimama naye mvuani. Joppe akatokea, tope mpaka kwenye meno, analia waziwazi. Lieve hakumkumbatia. Alimpokonya baiskeli, akamwambia, "Mnyororo wangu umeufanya nini, mwanangu? Kaoge." Tangu siku hiyo Joppe hajaacha mbio hata moja njiani, na mkataba wake umeongezwa.

Sasa ofisi imetangaza kwamba msimu ujao lori litaondoka kwa saa iliyopangwa, mwendeshaji wa mwisho awe amefika au hajafika. Wamengoja Lieve aage ndipo wapate ujasiri. Aibu gani hii, jamani!

Lieve, asante kwa kila gurudumu na kila tusi. Tunakuombea afya, usingizi mrefu, na Firmin asiyedokoa viazi. Tutakukumbuka sana, dada yetu, na inatuuma.

Na wewe Saelens, najua unasoma. Lori nimekabidhiwa mimi, Annelore Quaghebeur. Nami nitaliegesha langoni.