Alhamisi za Mwalimu Oliva

Tarehe 30 Juni mwaka huu Mwalimu Oliva Ndunguru anastaafu, baada ya kuitumikia shule yetu kwa miaka thelathini na minne. Alikuja Songea akitokea Mbinga, na sanduku la bati na cheti cha ualimu wa Kiswahili. Klabu ya maigizo hakupewa na mtu, aliianzisha mwenyewe.

Kila Alhamisi saa tisa alasiri klabu hucheza mchezo wake wa salamu. Mwigizaji huokota kikaratasi kinachomwambia atakuwa nani: diwani, mkwe, mkulima wa korosho, mtoto wa miaka saba. Haruhusiwi kujitaja. Hutembea ukumbini akisalimiana tu, na wenzake humtambua kwa anavyoamkia na anavyoitikia. Mwalimu Oliva husema mhusika asiyejua ampe nani shikamoo, huyo bado hajazaliwa.

Naye hucheza. Siku moja aliokota mtoto wa miaka saba, akaingia ofisi ya walimu akiwa bado katoto, akanipa shikamoo mimi niliye mdogo wake kwa miaka ishirini. Jamani, aibu niliyoipata! Walimu walicheka hadi chai ikamwagika.

Niseme ukweli: sikuupenda mchezo ule. Mimi hufundisha hesabu, na mwaka juzi niliandika barua nikiomba klabu ifutwe, saa ile iwe ya mazoezi ya hesabu. Mkuu wa shule alikuwa upande wangu; alingoja tu maoni ya mthibiti ubora wa shule, Bwana Kajetani.

Alhamisi aliyokuja mgeni huyo, alipoingia ukumbini mchezo ukiendelea, wanafunzi wote walisimama wakamwamkia, isipokuwa Mwamvua. Binti huyu wa kidato cha pili, kutoka Nakapanya, alikuwa haongei darasani kwa sababu wenzake waliicheka lafudhi yake ya Kiyao. Siku hiyo kikaratasi kilimpa bibi wa miaka themanini. Akabaki ameketi, akimtazama mgeni, akingoja. Mkuu wa shule alikunja uso. Mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi, nikijua klabu imekwisha.

Bwana Kajetani akavua kofia, akainama kidogo, akampa shikamoo.

“Marahaba, mwanangu,” Mwamvua akaitikia. “Umekula?”

Mgeni akakiri hajala tangu asubuhi. Wakazungumza robo saa nzima kuhusu mvua, korosho na magoti yanayouma, na hakuna aliyeicheka lafudhi. Mimi nilikuwa nimemfundisha binti yule mwaka na nusu bila kumsikia akitaja hata namba moja. Niliona haya. Kabla mgeni hajaondoka, nilikwenda kwa mkuu wa shule kuiondoa barua yangu.

Mwalimu Oliva, najua uliiona barua ile, na hukuniuliza kitu. Asante kwa hilo, na kwa watoto wote uliowapa sauti. Kahawa yako ya Mbinga izae, miguu yako ipumzike, na maisha yakuendee vyema.

Kuhusu klabu, usiwe na wasiwasi. Mkuu wa shule alitafuta mlezi mpya, nikaomba mimi. Alicheka kwanza, kisha akatia saini.