Seva Arobaini na Moja za Mama Wamaitha

Ijumaa tarehe 29 Novemba 2019, Mama Wamaitha Nderitu anastaafu baada ya kuitumikia kampuni yetu ya mizigo kwa miaka ishirini na miwili. Mimi nina miezi kumi tu hapa tangu nimalize shule, na bado sijui kwa nini nimepewa kazi ya kumwandikia wasifu. Wakubwa wanisamehe nikikosea.

Alianza mwaka 1997 katika nyumba ndogo ya mtaa wa Bertrams, huku kusini mwa bara, akiandika kwa mkono mizigo ya wafanyabiashara wa barabara ya Jules Street iliyokuwa ikivuka mipaka kwenda Lubumbashi. Kompyuta ya kwanza ya ofisi aliinunua yeye, na inasemekana hakuna aliyeruhusiwa kuigusa bila kunawa mikono. Baadaye akawa mkuu wa kompyuta zote.

Mwaka 2008, umeme ulipokuwa ukikatika kila mara, mashine iliungua na orodha ya mizigo ya malori manne ikapotea. Malori yakakaa mpakani siku kumi na moja. Tangu hapo, kila Ijumaa mchana Mama alitengeneza nakala ya mfumo mzima na kuiacha ikiwaka, tayari kushika kazi. Tuliiita akiba ya Mama. Watu hawakuondoka Ijumaa bila kuuliza kama imewekwa.

Katikati ya Juni 2018 kampuni ilihamia kwenye wingu, yaani ikaanza kukodi seva, kompyuta kubwa za makampuni matatu ya mbali, yanayotoza kwa kila saa seva inapowaka. Kufikia mwisho wa Machi mwaka huu bili ilikuwa imepita kodi ya jengo. Mkurugenzi wetu, Bwana François, alisema isiposhuka mwezi wa Aprili, Benita wa mapokezi na Firmin wa ghalani wataachishwa kazi. Akamwomba Mama achague programu ya kupunguza gharama hizo.

Zilijaribiwa tatu. Ya kwanza ilikuwa ya bure, lakini iliona seva za kampuni moja tu. Ya pili ilikuwa na michoro ya kupendeza, ila ilitaka ilipwe asilimia ya bili yenyewe. Ya tatu ilikuwa jedwali refu la kijivu, baya kulitazama. Hata hivyo ilionyesha makampuni yote matatu pamoja, na ilikataa kufanya kazi mpaka kila seva iandikwe jina la aliyeifungua. Wengi walitaka ile ya michoro. Mama akachagua jedwali.

Mimi nilimsomea namba, yeye akaandika majina. Seva ya kwanza isiyo na kazi, akaandika Wamaitha. Ya pili, Wamaitha. Tulipofika ya kumi nikaona zote zilifunguliwa siku ya Ijumaa. Zilikuwa akiba zake za Ijumaa. Kwenye mashine yetu ya zamani nakala mpya ilifuta ya wiki iliyopita. Kwenye wingu kila moja ilibaki peke yake, ikiwaka na kutozwa. Ijumaa arobaini na moja! Angeweza kuandika "ofisi" tu, wala hakuna ambaye angeuliza. Hakuandika hivyo hata mara moja.

Kwenye mkutano wa ofisi aliliweka jedwali ukutani mbele ya wafanyakazi wote. Firmin ndiye aliyesema kwanza, kwa Kiswahili chake cha Lubumbashi: "Eish, Mama! Kumbe njo weye?"

"Ni mimi, mwanangu," akasema. "Nimekaribia kukufukuza kazi kwa woga wangu."

Seva arobaini zilizimwa siku hiyohiyo, ikabaki moja iwe akiba. Bili ya Aprili ilishuka karibu nusu. Benita na Firmin wapo kazini hadi leo. Lakini mimi bado sijatulia. Sikujua kwamba mtu mwenye heshima ya miaka mingi hivyo anaweza kuiweka rehani mwenyewe, miezi michache kabla ya kuondoka.

Nilipoandika wasifu huu mara ya kwanza niliiruka habari hiyo, nikampelekea ausome. Karatasi ilirudi na mstari mmoja wa kalamu nyekundu: "Umesahau kosa langu. Liandike, wanaokuja walijue."

Nimeliandika, Mama. Asante kwa kila Ijumaa. Jumamosi Firmin ndiye atakayekupeleka uwanja wa ndege. Ameomba mwenyewe, na amekataa kupokezana na mtu. Ukifika nyumbani kwenu Nyeri, tunakuombea afya, nyumba yenye wageni wengi, na usingizi usio na hofu ya umeme kukatika.