Bi Zuwena binti Asmani, Mwalimu wa Wasiotulia

Tunayemzika leo Ijumaa ni dada yangu, Zuwena binti Asmani, mwalimu wa chuo cha Kurani hapa Rumonge. Mimi mdogo wake, Abdulhamid, nimepewa kazi ya kuyasema maisha yake. Nitayasema bila kupunguza, maana leo asubuhi, kabla hata hajaoshwa, nimeulizwa chuo chake kitafungwa lini.

Marehemu alizaliwa Ujiji mwaka wa 1283 wa Hijra, ambao Wadachi wanauhesabu 1866. Baba yetu, mzee Asmani bin Maneno, alikuwa mfanyabiashara wa chumvi, akatuhamishia Rumonge marehemu akiwa na miaka kumi. Baba mwenyewe ndiye aliyemfundisha Kurani nyumbani. Alikuwa mwepesi wa kushika, lakini hakuwa mpole. Akisahihishwa aya aliyokuwa na hakika nayo, alikuwa akigoma kula mpaka msahafu ufunguliwe.

Mwaka wa 1886 aliolewa na Hadji bin Swedi, fundi wa mitumbwi, mtu wa taratibu aliyejua kunyamaza mke wake anapopandwa na hasira. Walijaliwa watoto wawili, Amissi na Aziza. Hadji alitangulia mbele ya haki mwaka wa 1909.

Kazi yake ya ualimu ilianza kwa ugomvi. Mwaka wa 1897 Amissi alikuwa na miaka minane, na chuoni hakuweza kutulia. Aya aliyosomeshwa asubuhi, adhuhuri haipo. Ndege akipita, naye yuko nje. Mwalimu Athumani, ambaye tuko naye hapa na ninamheshimu, alimfunga mguu kwenye gogo la pingu, kama ilivyokuwa desturi ya vyuo vyote. Marehemu alikwenda, akamfungua mwanawe, akajitwika lile gogo mpaka nyumbani na kulipikia maharage. Athumani alipolifuata, akaambiwa, "Karibu chakula, mwalimu. Gogo yako iko chini ya chungu."

Tangu siku ile alisomesha mwenyewe, uani kwake. Alianza na Amissi, kisha wakaja waliofukuzwa kwingine. Kwake mtoto wa namna hii hakuwa mkaidi wala mjinga; ukimpa jambo refu linamponyoka, basi. Kwa hiyo aliandika ubaoni nusu ya aya. Mtoto aliisoma, akaenda kugeuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, walioanikwa mchangani, akarudi kuisema. Aliyeshindwa kukaa alisoma amesimama. Aliyeshtuliwa na kila sauti aliketishwa karibu na mwalimu, uso kwa ukuta, mbali na njia. Akisahau, walirudia, na hakutukanwa.

Watu wa mji wakakibeza chuo chake, wakakiita chuo cha ndagala. Marehemu alilipenda jina hilo na kulitamka sokoni kwa sauti. Amissi alihitimu akiwa na ndevu, wenzake wameshaoa. Mama yake alichinja mbuzi wawili, akawaalika kwanza wale waliokuwa wakimcheka.

Mwaka wa 1912 alishikwa na malale. Alichomwa sindano katika kambi ya wagonjwa ya Wadachi, akapata nafuu, kisha ugonjwa ukarudi na nguvu mpya. Ulianza kumwibia akili kidogo kidogo. Yasini aliyoijua tangu utotoni aliipoteza katikati, akaianza tena, akaipoteza tena. Niliumia sana kumtazama. Mwaka jana wazee walikuja kumwomba apumzike, yaani afunge chuo. Aliwasikiliza, kisha akasema, "Miye niko nataka kusoma. Akili inatoka yenyewe, si miye naituma. Sasa na miye mutanifunga pingu?"

Mwalimu Athumani, aliyekuwa miongoni mwao, alisema, "Hapana, dada."

"Basi na mutoto musimufunge."

Wazee waliondoka, na chuo kikaendelea, Aziza akimsaidia.

Alifariki jana, Alhamisi, tarehe 12 Februari 1914, sawa na 16 Mfungo Sita, jua likitua. Aziza alikuwa akimsomea nusu aya, nusu aya, naye akimfuata mpaka sauti ilipokatika.

Ameacha mwanawe Amissi, mvuvi wa Gatete, binti yake Aziza, mimi mdogo wake, wajukuu watano, na watoto wa chuo, wale waliosimama pale nyuma, ambao nusu yao hawajatulia tangu nilipoanza kusema. Asiwakemee mtu. Wamekuja kumzika mwalimu wao, na wanamlia kwa namna wanayoiweza.

Aliyeniuliza asubuhi namjibu mbele yenu nyote. Chuo kitafunguliwa kesho Jumamosi, baada ya sala ya alfajiri, na atakayesomesha ni Aziza. Mwenye mtoto aliyefukuzwa amlete.

Mwenyezi Mungu ampe Zuwena mapumziko ambayo sisi watu wa Rumonge hatukumpa.